Hakuna Aliyeniuliza Kuhusu Sukari ya Mama

Binti yangu wa kwanza alizaliwa na kilo nne na gramu mia nane, na wodi nzima ikamshangilia. Mkunga alimwinua juu kila mtu amwone. Mama mmoja aliyelala kitanda cha dirishani akasema, "Huyo si mtoto mchanga, huyo ni wa kuanza shule Jumatatu!" Wakacheka, na wengine wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimelala nimechanika vibaya, nikitetemeka, na masikioni bado nilikuwa nasikia ule mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa, uliotoka mtoto alipokuwa akivutwa. Kichwa kilitoka mapema, lakini mabega yalikwama. Walivuta, wakakandamiza tumbo langu, wakapiga kelele, wakavuta tena.

Mkono wake wa kulia ulining'inia. Hakuna aliyeupigia kigelegele.

Asubuhi yake nilimwonyesha yule mkunga huo mkono. Aliutazama, akauachia ukaanguka, akasema, "Ni wewe mwenyewe, mama. Ulikataa kusukuma."

Niliyaamini maneno hayo kwa miaka tisa.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Mvara, mjini Arua, karibu na shule, na kazi yangu kubwa ni kushona sare za wanafunzi. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Lakini kwetu hasa ni Koboko, karibu na mpaka. Baba alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo tulikulia kwenye Kiswahili cha kambini, kile ambacho watu wa vitabu wakikisikia hushika kichwa. Nilipoolewa nilijifunza Kilugbara cha mama mkwe wangu, mkulima wa Aroi, mwanamke mwema ambaye hajawahi kuja kwangu mikono mitupu. Huja na unga wa muhogo, simsim, asali na kuku. Alipouona mkono wa mjukuu wake alisema jirani mwenye jicho baya ndiye aliyetufanyia. Nilifadhaika kumsikia, lakini ndani yangu nilipata ahueni kidogo, kwa sababu angalau yeye hakusema ni mimi.

Binti yangu alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Vifungo vya shati alivifunga kwa vidole vya kushoto akisaidiwa na meno. Mimi ndiye ninayeshona mashati ya nusu ya watoto wa Mvara, na wangu aliuma vifungo kama panya. Kila nilipomwona niligeuka pembeni nikajiuliza: nilikataaje kusukuma? Nilikumbuka nilisukuma mpaka macho yakaingia damu. Lakini aliyesema ni mtu aliyesomea, na mimi nilisomea cherehani.

Mimba ya pili ilikuja nikiwa na miaka thelathini na miwili. Nilikuwa nimenenepa sana. Kazi yangu ni ya kukaa kuanzia asubuhi hadi jioni, na kila mteja aliyekuja kupima sare alikunywa chai na mimi, chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kinasita. Watu walinisifu. Walisema mwalimu anamtunza mke wake. Shangazi wa mume wangu alinishika mkono wa juu pale penye nyama, akatabasamu, akasema sasa nafanana na mwanamke aliyeolewa. Nani angekataa sifa kama hizo? Nilizipokea zote.

Nilienda kliniki katika kituo kilekile nilichojifungulia, ambacho sitakitaja. Nilipewa daftari la wajawazito. Ukurasa wa pili una mistari ya maswali: magonjwa ya familia, uzito wa watoto waliotangulia, matatizo ya uzazi uliopita. Yule yule mkunga alinikalisha mbele yake, akapinda daftari, akachora vistari vya "hakuna". Kistari, kistari, kistari. Hakuinua uso. Nilidhani ndivyo inavyofanywa. Nilidhani kuna namna ya kumtazama mwanamke ukajua majibu yake yote bila kumuuliza. Akanipima presha, akanipa vidonge vya kuongeza damu, akasema, "Anayefuata."

Mwezi wa nane mtoto aliacha kucheza. Niliamka, nikala, nikangoja teke la asubuhi ambalo lilikuwa halikosi, halikuja. Nilikunywa maji ya baridi, nikalala upande wa kushoto kama wanavyotuambia. Kimya. Mume wangu alinipeleka. Walisikiliza tumbo wakabadilishana, mmoja baada ya mwingine, halafu wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, nikajua.

Nilimzaa akiwa amekufa. Mvulana, mnene, mashavu yamejaa, nywele nyingi. Alikuwa mzuri. Niliomba nimshike, wakaniuliza nataka kumshika wa nini.

Tulimzika Aroi. Kule shangazi wa mume wangu, yuleyule aliyesifu mikono yangu, alisema mbele ya wanawake wote kwamba nilimuua mtoto kwa kupanda boda kwenda Koboko kumwona mama yangu. Mama mkwe alimwambia anyamaze, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Na pale kituoni, nilipouliza kwa nini, walinijibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni Mkristo, sina ugomvi na Mungu. Ugomvi wangu ni na mtu anayelitumia jina lake ili asilazimike kufungua daftari na kutazama. Mtoto wa kwanza karibu kilo tano, mkono umepooza. Wa pili mnene, amekufa tumboni. Mtu aliyesomea alihitaji nini zaidi? Nimkandie saruji nimwandikie ukutani?

Lakini siku zile sikujua kukasirika hivyo. Nililia tu, nikarudi kwenye cherehani.

Mimba ya tatu nilikuwa na miaka thelathini na sita. Ilipofika mwezi wa nne, nilipigiwa simu kwamba mama ana kidonda mguuni hakiponi. Mama ana sukari, miaka mingi sasa. Nilifunga mzigo, nikamwacha binti yangu na baba yake, nikaenda Koboko kumuuguza. Kila baada ya siku moja nilimpeleka kituo cha afya kusafishwa kidonda. Tulikaa kwenye benchi na wafanyabiashara wanaotoka mpakani, wengine wanaongea Kiswahili cha Congo, wengine Kiarabu cha Sudan Kusini, na mama akiwasalimia wote kama jamaa zake.

Siku ya tatu mkunga mmoja wa makamo, mwenye hijabu nyeupe na viatu vya raba, alipita mbele yetu akiwa amebeba sahani ya vyuma. Alitupita, akasimama, akarudi. Alimtazama mama, akaangalia kidonda, akaniangalia tumbo.

"Huyu ni mama yako? Mama ya kukuzaa?"

"Ndiyo, sista."

"Na yeye iko na sukari?"

"Iko nayo."

"Wewe mtoto ya kwanza alikuwa kilo ngapi?"

Nikamwambia. Aliweka ile sahani chini kwenye benchi.

"Kuna mtoto alikufa?"

Sikutegemea swali hilo hapo mbele ya watu. Nikamwambia ndiyo, mmoja, mwezi wa nane.

"Umri yako?"

Nikamwambia.

"Daftari iko wapi?"

Nilikuwa nalo kwenye mkoba, jipya la mimba hii, nililojaziwa Arua na yuleyule mkunga. Alilifungua ukurasa wa pili. Vistari vilikuwa vimepangwa vizuri, vimenyooka, kama mshono wa mtu anayejua kazi.

"Nani aliandika hii?"

"Sista wa kule Arua."

"Aliuliza wewe?"

"Hapana."

Akalifunga daftari. "Kesho kuja hapa asubuhi. Usikule kitu. Hata chai, hata chungwa. Maji tu."

Maswali manne. Aliyauliza akiwa amesimama, na dawa ya kidonda cha mtu mwingine inamsubiri. Mtoto wa jirani angeyauliza. La sukari ya mama ningeweza kulijibu nikiwa na miaka ishirini na saba, na la uzito wa mtoto nikiwa na thelathini na miwili. Majibu nilikuwa nayo kinywani siku zote.

Kesho yake alinitoa damu, akanipa kikombe cha maji yenye sukari ya dawa, tamu mpaka koo likakataa. Nilikunywa nikakaa. Baada ya saa moja damu tena, baada ya saa nyingine tena. Kisha akanipeleka kwenye chumba kidogo, akafunga mlango.

Alisema damu yangu iko na sukari, na hii ni sukari inayokuja na mimba. Alieleza taratibu, akihesabu kwa vidole, kwamba haimpati kila mtu, lakini kuna wanawake ambao mkunga anapaswa kuwatafuta kabla haijawapata: mwenye mama au baba au ndugu wa tumbo moja mwenye sukari, aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa sana, aliyepoteza mtoto tumboni bila sababu kujulikana, mnene, aliyevuka miaka thelathini na mitano, aliyeipata kwenye mimba iliyopita.

"Wewe iko na karibu yote," alisema. "Mutu kama wewe tunapima mapema. Hatungojei."

Nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza mtu. Nilimwambia habari ya mkono wa binti yangu. Nikamwambia nilikataa kusukuma.

Akavuta kiti karibu yangu.

"Nani alikuambia hiyo maneno?"

"Mkunga."

"Sikia, mwanangu. Sukari ya mama inapita inaingia kwa mtoto. Mtoto anakula, anakula, mabega yake inakuwa mpana. Kichwa inatoka, bega inakwama. Hata wewe ungesukuma na nguvu ya trekta, bega ingekwama. Haikuwa kusukuma."

Kuhusu yule wa pili hakuniapia. Alisema hakuna anayeweza kujua sasa, watoto hufa kwa sababu nyingi, lakini sukari isiyotibiwa ni mojawapo, na mwanamke mwenye historia yangu alipaswa kupimwa. Akasema, "Pole." Ndiye mtu wa kwanza mwenye gauni la kazi kuniambia pole.

Sikulia. Nilisikia joto linapanda kutoka miguuni, nikataka kulichana lile daftari vipande. Miaka tisa nimekula na ile hatia, nimelala nayo, nimemvisha mtoto wangu shati nikiwa nayo, na haikuwa yangu.

Nilirudi kwa mama nikiwa bado nawaka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu kwenye kigoda, anachambua maharage. Sikumsalimu hata.

"Mama, sukari yako ilianza lini?"

"Mbona unauliza namna hiyo?"

"Ilianza lini?"

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema ilianza kwenye mimba ya mdogo wangu wa mwisho, tukiwa kambini. Daktari wa jeshi alimwambia damu yake ina sukari, na itaisha akijifungua. Kweli ikaisha. Mdogo wangu alipoanza darasa la kwanza ikarudi, na mara hii haikuondoka.

"Na hukuniambia! Nimebeba mimba tatu, Mama! Hukuniambia!"

"Walisema iliisha."

"Mkono wa mjukuu wako, Mama. Yule tuliyezika."

Aliacha maharage. Nilimwona anaelewa, kidogo kidogo, na uso wake ukawa wa mtu aliyepigwa kofi. Alisema, "Hakuna mutu aliuliza mimi. Mimi nilijua namna gani ni kitu ya kusema? Nilifikiri ni aibu ya mimba ile tu." Akajifunika uso kwa leso.

Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Sikuweza kumkasirikia mwanamke mwenye mguu unaooza ambaye naye hakuwahi kuelezwa kitu. Nilikaa chini nikachambua maharage yaliyobaki.

Nilibaki Koboko mpaka kidonda cha mama kilipoanza kufunga, nikarudi Mvara na karatasi ya yule mkunga inayosema nile nini. Ugali wa mtama kidogo badala ya muhogo mwingi, mboga za majani, maharage, samaki, chai bila sukari. Nilipata mtu wa kunisaidia kushona na mimi nikawa natembea, asubuhi mpaka barabara kubwa na kurudi. Mama mkwe aliona natembea na tumbo, akadhani tumegombana nyumbani. Akaja na asali.

"Siwezi kula, Mama."

"Asali? Dawa ya watu wote? Unamnyima mtoto chakula?"

Shangazi naye alipita akasema sasa namuua wa pili kwa njaa. Siku hiyo mume wangu, ambaye ni mpole kupita kiasi na ambaye nimewahi kumchukia kwa upole huo, alisimama mlangoni akamwambia shangazi yake, kwa heshima yote, asiingie tena nyumbani kwetu mpaka mtoto azaliwe. Kisha akakaa na mama yake, akamweleza yote kwa Kilugbara kama anavyofundisha darasa la tatu. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo hakuna jirani aliyetufanyia?" Mume wangu akasema hakuna. Mama mkwe akarudi Aroi na asali yake, na wiki iliyofuata akaleta mboga kikapu kizima.

Chakula na kutembea havikutosha. Mwezi wa saba nilianza sindano za insulini, katika hospitali aliyonielekeza yule mkunga wa Koboko. Hatuna friji, tukaiweka dawa ndani ya mtungi mdogo uliozungukwa na mchanga uliolowa maji. Nilijichoma mwenyewe pajani, na binti yangu alikuwa akinishikia pamba kwa mkono wa kushoto.

Siku moja, amenishikia pamba hivyo, nikamwambia. Nilimwambia mkono wake uliumia kwa sababu mimi nilikuwa na sukari ambayo hakuna aliyeitafuta, na kwamba nilikuwa na deni la kumwomba radhi kwa miaka yote niliyokuwa nikigeuka pembeni.

Akasema, "Kwa hiyo si kwa sababu mimi nilikuwa mkubwa?"

"Nani alisema ni wewe?"

"Watu. Wanasema nilikuwa mkubwa mno, nikakuchana."

Miaka tisa tulikaa nyumba moja, kila mmoja na hatia yake, na zote mbili zilikuwa za uongo. Nimesamehe mambo mengi, lakini hili sijui kama nitalisamehe.

Mtoto wa tatu walimtoa wiki mbili kabla ya siku zake, kwa dawa ya kuanzisha uchungu, daktari akiwa amesimama hapohapo kwa sababu niliwaambia wote kuhusu bega, kila aliyeingia, hata aliyekuja kupiga deki. Mvulana, kilo tatu na gramu mia tatu. Alilia, akarusha mikono yote miwili. Walimchoma kisigino kupima sukari yake mara kadhaa siku ile, wakanihimiza nimnyonyeshe bila kungoja. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mmoja alisema mbona mdogo. Nikamwambia ni saizi yake.

Alipofikisha mwezi mmoja nilimfunga mgongoni, nikachukua madaftari yote matatu, nikaenda kwenye kile kituo. Yule mkunga alikuwa palepale. Hakunikumbuka. Nilijiandaa kwa mengi, sikujiandaa kwa hilo. Nilifungua kurasa za pili tatu, nikazipanga mezani.

"Hivi vistari ni vyako?"

"Una tatizo gani, mama?"

Nikamwambia lote, kwa sauti ambayo benchi lote liliisikia. Alinywea, halafu akapandisha sauti naye. Alisema wako wawili tu, na benchi ndiyo hilo naliona. Alisema akiuliza kila mmoja hatamaliza. Alisema, "Na nikimpata mwenye hatari, nimpime na nini? Hiyo sukari ya kunywesha haijafika hapa mwaka wa ngapi sijui. Vijiti vya mkojo vimekwisha. Unataka nimwambie ana hatari halafu nimrudishe nyumbani?"

"Ndiyo! Umwambie! Mimi ningeenda Koboko kwa miguu!"

Akainamia zile kurasa tatu.

"Na hukuwa na haki ya kuniambia nilikataa kusukuma."

Alianza kukusanya yale madaftari, akayapanga vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. Najua hana vifaa. Najua kuna watu wa juu yake, wenye magari na semina, ambao hawatawahi kukaa kwenye benchi lile, na hasira yangu kubwa sasa iko kwao. Lakini kuuliza hakuhitaji kifaa. Nilipotoka, mama mmoja kijana kwenye benchi alinishika nguo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kilo nne na nusu ni kubwa?" Nikakaa naye. Nilimwambia ni kubwa, na akiingia aseme hata kama hakuulizwa.

Yule mkunga wa Koboko alikuwa ameniagiza nipimwe tena wiki sita baada ya kuzaa, kisha kila mwaka, kwa sababu mwanamke aliyepata sukari ya mimba inaweza kumrudia na kubaki, kama ilivyombakia mama. Siku ilipofika nilienda hospitalini. Aliyekuwa dirishani alitazama kadi yangu akasema, "Umeshajifungua, mtoto mzima, unataka nini tena?"

Nikamwambia nataka kipimo cha sukari.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kipimo."

Aliniambia ningoje. Nilingoja tangu saa mbili asubuhi, sijala, mtoto ananyonya, mpaka saa sita wakachoka kuniona wakanipima. Damu ilikuwa sawa. Niliandikisha tarehe ya mwaka ujao kwenye kadi mbele yao, nikawaomba wagonge muhuri, nikaenda kutafuta chakula.